Mwezi ukipevuka, tuanze na tamthilia ipi?

Sisi tunaouza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la ufukweni Mwanza, kalenda yetu ni mwezi. Giza likiwa totoro, wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanaufuata mwanga, na alfajiri mimi niko mwaloni na ndoo zangu. Mwezi ukipevuka, taa zinazidiwa na mbalamwezi, dagaa hawajikusanyi, mitumbwi inapumzika. Hapo ndipo nyumba yetu ya Kitangiri inapokaa pamoja: mama mkwe wangu aliyetoka kisiwa cha Ukerewe, binti yangu wa kidato cha tatu, mdogo wake wa miaka 14, na shemeji yangu ambaye usiku mwingine wote huwa ziwani. Tunapata jioni kumi hivi. Ukizimaliza kwa tamthilia mbovu, unasubiri mwezi mwingine.

Mwezi uliopita wifi yangu wa Igoma alinipigia. "Wifi, nina bando la GB 10 na siku za mapumziko ndiyo hizi. Niangalie nini? Kila mtu ananitajia yake." Nilimjibu kwa haraka, nikamtajia moja, nikakata simu nirudi kwenye biashara. Baadaye nikaona sikumtendea haki, kwa sababu jibu linategemea nani atakaa naye na ana saa ngapi. Haya ndiyo niliyotakiwa kumwambia, nikiziweka kando kwa kando tamthilia ambazo watu wetu wanabishania zaidi: When Life Gives You Tangerines ya Korea, Adolescence ya Uingereza, Squid Game ambayo imefika mwisho, The Pitt ya Marekani, na zile za kila siku za king'amuzi, yaani Jua Kali, Huba na Sultan.

Hesabu kwanza

Kabla hujauliza ipi nzuri, uliza ni saa ngapi. Adolescence ina episodi nne tu, kila moja karibu na saa. Umeimaliza kwa jioni mbili. Tangerines ina episodi 16 za karibu saa moja moja, maana yake saa 16. Ukiangalia mbili kila jioni, unahitaji jioni nane, na hizo zinaenea ndani ya mbalamwezi moja bila kubanana. The Pitt, msimu wa kwanza, ni episodi 15. Squid Game yote, misimu mitatu, ni episodi 22: tisa za mwaka 2021, saba za Desemba 2024 na sita za Juni 2025. Sultan, kwa jina lake la Kituruki Muhteşem Yüzyıl, ilirushwa Uturuki kuanzia 2011 hadi 2014 na ina episodi 139 za asili, na huko kwao episodi moja ni ndefu kama muvi nzima. Jua Kali na Huba usizihesabu kabisa. Zile ni kama mgeni aliyehamia.

Kisha bando. Netflix, mtandao wa kulipia wenye Tangerines, Adolescence na Squid Game, wenyewe wanakadiria kwamba ukiweka kiwango cha chini kabisa unatumia kama GB 0.3 kwa saa, na ukiweka HD inaweza kufika GB 3 kwa saa. Kwa hiyo Tangerines nzima kwa kiwango cha chini haivuki GB 5, na Adolescence ni GB 1 na kidogo. GB 10 za wifi zinatosha zote mbili na zinabaki. Ukiacha iende HD bila kugusa mipangilio, bando hilo hilo linaweza kufa kabla hujamaliza episodi ya nne. Binti yangu anapakua usiku kwenye kishikwambi, kesho yake tunakiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya meza, na hata umeme ukikatika hadithi haikatiki. Kioo ni kidogo, tunabanana, lakini kwa kioo kile kiwango cha chini hakimsumbui mtu.

Neno moja kuhusu flashi za kujaziwa muvi pale mtaani. Najua ni rahisi. Lakini episodi zinakuja zimepangwa vibaya, ya tano kabla ya nne, na nyingine maandishi yake hayaendani na maneno. Tamthilia nzuri inastahili kuonwa kama ilivyotengenezwa, na waliotengeneza wanastahili kulipwa.

Tangerines: hii ndiyo ninayoisimamia

Ilitoka Machi 2025, episodi nne kila Ijumaa kwa wiki nne. Inatokea kisiwa cha Jeju, kusini kabisa mwa Korea, na inafuata maisha ya Ae-sun na Gwan-sik tangu utoto wa miaka ya 1950 na 1960 hadi uzee. Ae-sun wa ujanani anachezwa na IU, ambaye baadaye anacheza pia binti wa Ae-sun, na Gwan-sik kijana ni Park Bo-gum. Ukisikia hivyo unadhani ni mapenzi ya Kikorea kama mengine, kijana tajiri na binti maskini na mvua. Siyo. Ni habari ya watu wa majini.

Mama yake Ae-sun ni haenyeo, yaani mmoja wa wale wanawake wa Jeju wanaozamia baharini kwa pumzi yao wenyewe, bila mtungi wa hewa, kutafuta konokono wa baharini na mwani. Wakiibuka, pumzi inatoka kama mluzi. Mtoto anakaa ufukweni akisikiliza mluzi wa mama yake ajue kama ameibuka. Shemeji yangu, mtu asiyeongea sana mbele ya tivii, alisogeza kigoda karibu pale. Kuna pia sehemu mtoto huyo, akiwa anaishi kwa baba yake mdogo, hapewi samaki mezani wenzake wakipewa. Mama mkwe wangu alisimama. Alisema kwa sauti, "Pwani kabisa, na mtoto ananyimwa samaki!" Mtu yeyote aliyekulia Ukerewe anajua hilo ni tusi la namna gani. Haikuhitaji tafsiri.

Halafu lile shairi. Ae-sun akiwa mdogo anaandika shuleni shairi kuhusu konokono wale ambao mama yake anawazamia kutwa. Kiini chake ni kwamba angekuwa na hela ile mama anayopata kwa kuwauza, angempa mama yeye mwenyewe ili anunue siku yake moja, apumzike na amtazame mwanaye. Nilimwangalia binti yangu, naye akanitazama. Mimi natoka nyumbani saa kumi alfajiri. Sikusema kitu, naye hakusema, ila kesho yake sikwenda mwaloni.

Kuna jambo moja kuhusu jina ambalo limenifanya niipende zaidi. Jina lake la Kikorea liko kwa lahaja ya Jeju, na maana yake ni kumshukuru mtu kwa jasho alilotoa, kumwambia kwamba umefanya kazi kubwa. Kiingereza kimeshindwa kulibeba neno hilo, kikaleta habari za machenza. Sisi tunalo tayari na tunalisema kila siku: pole na kazi. Ungemwambia mtu wa Mwanza kwamba tamthilia inaitwa Pole na Kazi, angejua moja kwa moja inahusu nini.

Kasoro zake nitazisema. Hadithi inaruka kutoka miaka ya sasa kwenda ya zamani na kurudi, na mtu aliyetoka kidogo kuchochea moto anarudi hajui yuko mwaka gani. Episodi za katikati, zinazomfuata binti yao huko Seoul, zimelegea kidogo ukilinganisha na za kisiwani. Na ina machozi mengi. Kuna kipande cha dhoruba ambacho watu wa ziwa hili, tunaokumbuka kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, wajiandae nacho. Kama nyumbani kwenu kuna aliyepotelewa na mtu majini, mwambieni mapema.

Kikwazo kikubwa ni lugha. Maneno ni ya Kikorea, maandishi tuliyotumia ni ya Kiingereza. Mama mkwe wangu hasomi Kiingereza. Binti yangu alisoma kwa sauti na kututafsiria, episodi 16 zote, na kufikia ya tatu alikuwa ameanza kugeuza sauti, bibi mkali ana sauti yake, Gwan-sik ana yake. Walimu wake wa Kiingereza wangefurahi. Kama huna msomaji nyumbani, hii pima vizuri kabla hujaanza.

Adolescence: wazazi waione kwanza

Hii nayo ni ya Machi 2025. Polisi wanavunja mlango wa nyumba ya kawaida alfajiri na kumkamata mvulana wa miaka 13, Jamie Miller, kwa tuhuma za kumuua msichana wa shuleni kwao. Hakuna fumbo la kumtafuta muuaji. Swali ni imekuwaje mtoto wa watu hawa, watu wa kazi na heshima, akafika hapo. Stephen Graham, aliyeiandika pamoja na Jack Thorne, ndiye anayecheza baba.

Kila episodi imepigwa kwa mkupuo mmoja. Kamera inawashwa mwanzo na haikatwi hadi mwisho. Sikuwa najua kwa nini hilo lina maana mpaka nilipoona episodi ya pili, ndani ya shule: hupati mahali pa kupumua, unatembea nao kwenye korido, unaingia darasani, unatoka dirishani na mtoto anayekimbia, na mwishoni kamera ile ile inapandishwa angani kwa droni na kushuka mahali alipofia msichana.

Lakini kilichonishika si ufundi. Ni sehemu ndogo tu katika episodi hiyo. Mpelelezi mkuu amesoma maoni ya Instagram ya watoto hawa na hajaona kitu, vijipicha tu vya moyo na kadhalika. Mwanaye mwenyewe, anayesoma shule hiyo, anamwita pembeni na kumweleza kwamba kila rangi na kila kijipicha kina maana, na kwamba msichana yule hakuwa anamsalimia Jamie, alikuwa anamdhihaki. Polisi mzima anafundishwa kusoma na mwanaye. Nilisimamisha hapo hapo nikamuuliza kijana wangu kama na wao wana vijipicha vya namna hiyo. Akasema wanavyo. Tukakaa karibu saa nzima bila kuendelea.

Ndiyo maana nasema wazazi waione kwanza, wao wawili, halafu waamue kuiona tena na watoto wa sekondari. Ina matusi makali, na mauaji yenyewe yanaonekana kwa mbali kwenye picha za kamera ya ulinzi. Kwa wadogo chini ya miaka 13, hapana. Huko Uingereza Netflix waliitoa bure kwa shule za sekondari, na waziri mkuu aliunga mkono. Septemba 2025 ilichukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia fupi bora, na Owen Cooper aliyecheza Jamie, ambaye hakuwa ameigiza popote kabla, akawa mwanaume mdogo kuliko wote kushinda Emmy ya uigizaji, akiwa na miaka 15. Ukiiona episodi ya tatu, yeye na mwanasaikolojia peke yao chumbani na nusu ya sandwichi mezani, utakubali kwamba hawakumpendelea.

Kwa bibi haifai. Mama aliangalia robo saa ya kwanza, akaona mtoto amejikojolea kwa hofu mbele ya bunduki, akainuka na kwenda kulala. Simlaumu. Na kile Kiingereza cha kaskazini mwa Uingereza hata mimi nilihitaji maandishi.

Ukinibana nichague kati ya hizi mbili, kwa nyumba yenye kijana wa kiume wa sekondari na jioni mbili tu, Adolescence. Kwa nyumba yenye vizazi vitatu na mbalamwezi nzima, Tangerines, bila kusita.

Squid Game na The Pitt

Shemeji alitaka Squid Game kwa sababu vijana wote mwaloni wameimaliza. Nitasema ninavyoona. Msimu wa kwanza, ule wa 2021, ni kazi nzuri: watu 456 waliozama kwenye madeni wanacheza michezo ya watoto, anayeshindwa anauawa, na anayebaki anachukua won bilioni 45.6, fedha ya Korea. Mtu yeyote aliyewahi kuchukua mkopo wa riba ya siku kununua nyavu anaelewa kwa nini wanarudi mchezoni hata baada ya kuruhusiwa kuondoka. Hiyo ndiyo nguvu yake. Misimu miwili iliyofuata ni hadithi moja iliyopasuliwa katikati. Wa pili unakatika bila kumaliza chochote, wa tatu unamalizia kwa ukatili uliozidi kipimo. Angalia episodi tisa za kwanza, simama hapo, hujakosa kitu. Usiku watoto wakiwa wamelala, lakini. Damu ni nyingi mno.

The Pitt ina mpango unaopendeza kuueleza kwa Kiswahili. Zamu moja ya idara ya dharura katika hospitali ya Pittsburgh inaanza saa moja asubuhi, kila episodi ni saa moja ya zamu, hadi saa nne usiku. Hakuna kuruka. Noah Wyle ni daktari kiongozi. Jirani yangu ni muuguzi, na yeye ndiye aliyenisukumia. Anasema hajawahi kuona mahali pengine wanaonyesha vile mgonjwa mmoja anavyofariki na dakika hiyo hiyo unaitwa kwa mwingine na hupati hata nafasi ya kunawa uso. Ilishinda Emmy ya tamthilia bora ya 2025. Mimi niliona episodi tano. Ni nzuri, lakini majeraha yanaonyeshwa wazi wazi, Kiingereza cha kitabibu kinakimbia, na si ya Netflix bali ya HBO Max, kwa hiyo ile hesabu yangu ya bando na kupakua haikuhusu. Kama kuna mtu wa afya nyumbani, mpeni yeye nafasi ya kuchagua jioni hiyo.

Na zile za kila siku

Kuna watu wakishaona za Netflix wanaanza kuzidharau za king'amuzi. Mimi sitafanya hivyo. Sultan imetiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na Azam, na ndiyo maana mama mkwe wangu anamjua Hurrem, mhusika mkuu wa kike, kuliko anavyowajua baadhi ya majirani. Anasikia kila neno. Haulizi mtu. Ukimkatia Sultan umwekee kitu bora kwa lugha asiyoielewa, umempa nini? Wale waliotia sauti walifanya kazi ambayo inahitaji heshima zaidi ya inayopewa. Hurrem wao ana kiburi na woga katika sentensi moja.

Jua Kali, ya mwongozaji Lamata, na Huba, zote za chaneli ya Maisha Magic Bongo, zina kitu ambacho Tangerines haiwezi kunipa: watu wanagombana kama tunavyogombana. Mama mwenye nyumba akibisha hodi, naijua hodi ile. Udhaifu wake ni kwamba tamthilia ya kila siku lazima ijaze kila siku, kwa hiyo siri inayoweza kufichuka leo inasogezwa wiki tatu, na mtu mmoja anaweza kusimama mlangoni akitafakari hadi unamaliza kuosha vyombo. Tulishawahi kuwa na Siri ya Mtungi mwaka 2012, ya yule mpiga picha Cheche kule Bagamoyo, na ile ilionyesha kwamba tunaweza kusimulia hadithi ya kwetu kwa picha safi na kwa mpangilio. Natamani anayetoa fedha afikirie episodi 10 za watu wa ziwa hili, zianze na ziishe. Mwaloni peke yake una hadithi za kutosha: mwenye mtumbwi, mwenye injini, mwenye taa, na mama anayedai wote watatu.

Kwa kupanga jioni, za kila siku ziweke siku za giza, wakati nimechoka na ninachotaka ni sauti ya watu ndani ya nyumba huku nachambua dagaa. Ukikosa siku tatu, hujapotea. Zile za kuanza na kuisha zitunzie mbalamwezi, watu wote wakiwepo.

Kwa hiyo nilimpigia tena wifi wa Igoma. Nikamuuliza atakaa na nani. Akasema watoto wake wawili, wa kidato cha pili na cha nne, na mumewe yuko safari hadi Jumamosi. Nikamwambia, "Wifi, Tangerines mwanze leo, mbili mbili, yule wa kidato cha nne asome maandishi kwa sauti. Jumamosi shemeji akirudi, watoto wakalale, muone Adolescence nyie wawili. Na kabla ya yote weka kiwango cha chini kwenye simu."

Juzi alinitumia ujumbe saa tano usiku. Wamefika pale Gwan-sik anapojitupa kutoka kwenye meli na kuogelea kumrudia Ae-sun. Aliandika maneno mawili tu: "Wifi, anaogelea!"